Sauti Inayokatika

Mashine ya kusikiliza chuma ililia mlio mwembamba kama wa ndege, kisha sahani yake iliporudi palepale ilipotoka, ikakoroma. Bibiane akasimama. Akaipitisha sahani tena polepole, karibu iguse udongo. Kwenda, mlio. Kurudi, mkoromo. Kwenye kioo kidogo cha mashine namba ziliruka kama panzi: mara za juu, za fedha, mara za chini kabisa, za chuma kibovu.

"Achana na hiyo," alisema Gérard kutoka kwenye rundo la kokoto. "Inakatika. Sauti yenye kukatika ni misumari, ao ni jiwe ya moto. Kwetu Kamituga unapita. Unapita, mutoto, unaenda mbele."

"Hapa si Kamituga, Papa Gérard."

"Udongo ni udongo."

Vibarua wakacheka. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja kutoka kwenye kokoto hadi ndani ya kiwanja, wakipokezana makarai ya zege, na mstari wenyewe ulikuwa ukisogea. Asubuhi zege lilikuwa limefunika pembe iliyo karibu na barabara tu. Sasa lilikuwa limefika katikati. Lilikuja kijivu, zito, bila haraka, likiulamba udongo wa kiwanja alikozaliwa Bibiane, na lilikuwa linakuja upande wake.

Baba yake mdogo, Adalbert, aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli mkubwa, miguu juu ya tofali ili viatu vyake vyeupe visichafuke. Biashara ya dhahabu ya Kamituga ilikuwa imemnenepesha shingo. Alikuwa anajenga ghorofa hapa mtaani Bagira, pale ilipokuwa nyumba ya baba yake, na leo ilikuwa siku ya kumwaga sakafu.

"Bibiane! Betoni haimungojeaka mutu. Ikikufikia, unatoka. Ndiyo vile tulipatana."

"Tulipatana na neno ingine, tonton."

"Ndiyo, ndiyo. Na ile ingine."

Ile nyingine ndiyo iliyomtoa Bibiane mtaani kwao Kadutu asubuhi ile na mashine yake begani. Walikuwa wameiafiki mbele ya watu, maman Eulalie wa jirani, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akiwa wa kwanza kuisikia: Bibiane akiupata mkebe wa franga za Muzee Stanislas, franga zote ni za Adalbert. Yeye hataki hata moja. Anachotaka ni Adalbert asimame katika kiwanja hiki na kusema kwa sauti, watu wasikie, kwamba Monique, mama yake Bibiane, hakuwa mwizi.

Adalbert alikuwa amecheka mpaka akakohoa. "Maneno tu? Mutoto wa kaka yangu Constantin anataka maneno! Nitakulipia hata misa, kama unapenda."

Muzee Stanislas, babu yake Bibiane, alikuwa seremala. Ujana wake aliumalizia kwenye nyumba za Wabelgiji kule Muhumba, akiwatengenezea milango na madirisha ya kutazamia ziwa. Alipenda franga kubwa za fedha za wakati ule, zile zenye tembo, na akiipata moja haitoki tena. Noti aliziita majani makavu. Serikali zilikuja zikafuta noti, zikaleta nyingine, zikazifuta na hizo. Majirani walilia, naye alikaa mlangoni akipiga randa na kuimba. Kila mtu alijua kwamba Muzee ana mkebe. Alikouficha hakuna aliyekujua.

Alipokufa, wanawe walianza kuchimba kabla matanga hayajaisha. Walichimba chini ya kitanda chake, wakachimba kuzunguka mparachichi, wakachimba mpaka karibu na choo. Hawakupata kitu. Ndipo Adalbert akamleta kutoka Kamituga kijana mwenye buti ndefu na mashine ya kusikiliza chuma. Kijana huyo alikuwa Gérard. Alipita kiwanja kizima kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayepanda mahindi, na jioni akavua visikizi masikioni akasema: hakuna.

Mashine haidanganyi. Na kama mashine haidanganyi, basi mkebe umekwisha kuchukuliwa. Na nani angeuchukua kama si yule mkaza mwana aliyemwogesha mzee, akamlisha uji, akalala mlangoni kwake miezi yote ya ugonjwa? Hivyo ndivyo kipande cha chuma kilivyomhukumu Monique. Mume wake, Constantin, aliulizwa anasemaje. Hakusema. Monique akatoka na kitenge, sufuria na binti, akahamia Kadutu. Constantin baadaye alikwenda kutafuta dhahabu Shabunda, na kilichorudi kutoka Shabunda ni habari ya kifo chake tu.

Kadutu haiko mbali na Bagira kwa habari mbaya. Ile ya wizi ilipanda kilima kabla ya Monique na binti yake. Shuleni watoto walimzunguka Bibiane saa ya mapumziko: "Wewe, kwenu kuko tembo! Tununulie mandazi!" Siku ya komunyo ya kwanza alivaa viatu vipya, na mama mmoja akasema nyuma yake, si kwa kunong'ona, "Tembo anatembea." Bibiane alijifunza kupigana mapema, kwa kucha na kwa ulimi, na vyote viwili vilikuwa vikali.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mwaka mmoja mama yake alileta mabati mapya, mazuri, yanayong'aa, akawaita mafundi wakaezeka nyumba yao ndogo siku moja. Mvua iliponyesha usiku ule, Bibiane alilala macho wazi chini ya mabati, akajiuliza ni tembo wangapi wanampigia ngoma juu ya kichwa.

Kwa hiyo alipomaliza diploma na kazi ikakosekana, hakuna aliyeshangaa kama yeye mwenyewe kujikuta amenunua mashine ya kusikiliza chuma. Ilikuwa imechoka, sahani imefungwa utepe mweusi, ya mfanyabiashara mmoja aliyerudi kutoka machimboni amefilisika. Alianza kutafuta franga za zamani kwenye fukwe za ziwa na palipobomolewa nyumba za kikoloni. Kulikuwa na watu Goma na Kigali waliozinunua, kwa ajili ya kuzitazama tu. Hakuna aliyemfundisha. Alifukia franga nyuma ya nyumba akaisikiliza. Akaweka msumari kando yake, akasikiliza tena. Akaweka misumari mitatu, akaweka kizibo cha bia, akaisimamisha franga kwa ubavu, akasikiliza mpaka majirani wakasema msichana wa Monique amerukwa na akili.

Akajifunza kile ambacho watu wa Kamituga hawakuwa na haja ya kujifunza. Machimboni wanatafuta dhahabu iliyolala peke yake kwenye udongo, na kila kinachokoroma ni uchafu: misumari ya mbao za mashimo, au yale mawe mekundu yenye chuma ndani, wanayoyaita ya moto, yanayoifanya mashine ipige kelele bure. Kwao sauti inayokatika ni ya kupitwa, na ndiyo maana wanapita haraka, mstari mmoja, upande mmoja. Wana haki, kule. Lakini mjini franga hulala na takataka. Fedha ikilala karibu na chuma, mashine husikia vyote viwili vikizungumza kwa mara moja, na hujibu kama mtu aliyechanganyikiwa. Usipite. Zunguka. Simama upande wa pili, uipitishe sahani kukata njia ya kwanza kama msalaba. Msumari unaojifanya fedha utahama. Sauti yake itakimbilia pembeni au itakufa kabisa. Franga haihami. Itafunikwa, itakatika, itakoroma, lakini kila itakapolia italia palepale.

Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka, alimkuta mama yake mlangoni akichagua maharage kwenye ungo, kama kila asubuhi. Monique aliyauza kwenye soko la Kadutu na alikuwa na jicho la kuona jiwe dogo kuliko punje.

"Mama, leo naenda kule Bagira. Wanamwaga betoni. Ni leo, ao hapana tena."

"Enda," alisema Monique.

Bibiane akavaa begi. Alipofika njiani mama yake akaita, "Acha! Acha tu, Bibiane."

"Naacha nini sasa?"

Mama yake alirudisha macho kwenye ungo. Alitupa jiwe moja, likafuata la pili. "Vaa bottes. Kule kwa jiko ya zamani kuko misumari mingi."

Ndivyo alivyokuwa mama yake kuhusu jambo lile, siku zote. Ukimjia upande huu anajibu, ukimjia upande ule ananyamaza. Bibiane alivaa buti akaondoka, akidhani amepewa huruma tu ya mzazi.

Sasa alikuwa amesimama penye jiko la zamani. Paa lake lilikwisha kung'olewa, mafiga yametupwa, na udongo ulikuwa mweusi kwa majivu ya miaka. Sehemu nyingine zote alikuwa amezimaliza, na alichokipata kililala kwenye ndoo: vizibo, bawaba, kijiko, maganda ya risasi ya vita hii na ya vita ile. Palibaki hapa, na hapa palikuwa na kelele kama soko. Kila hatua mkoromo. Kila hatua misumari.

Alizunguka. Akasimama mahali kisiki cha mparachichi kilipo, ule mti ambao Adalbert aliukata juzi apate nafasi. Akaipitisha sahani kukata njia ya kwanza. Mkoromo. Mkoromo. Kisha, mara moja tu, mlio mwembamba. Akachomeka kijiti. Akazunguka tena, akapitisha kutoka upande wa barabara, akachomeka kijiti kingine kila penye mlio. Vijiti vingine viwili vilikaa mbali mbali. Hivyo akaving'oa, ni misumari. Vijiti vitatu vilisimama pamoja, vimegusana kama watu wanaosengenya.

Akapiga magoti, akachukua kijembe.

"Anachimba!" akapaza mmoja wa vibarua.

Cha kwanza kutoka kilikuwa msumari. Cha pili kilikuwa misumari, bonge zima, imeungua ikashikana. Hapa ziliwahi kuchomwa mbao za masanduku ya zamani, na moto ulikula mbao ukaacha chuma. Kikatoka kiganja cha misumari, kikatoka kingine.

"Ufungue quincaillerie, duka ya misumari!" Adalbert alipiga paja. "Nitanunua kwako. Nipe bei ya familia!"

Hata maman Eulalie, aliyekuwa amesimama kwenye ua na beseni la sambaza kichwani, alicheka mpaka akalishika beseni kwa mikono miwili. "Bibi, mutoto wangu, toka tu. Utachomwa na tetanosi kwa bure."

Bibiane alipitisha sahani juu ya shimo. Chuma kilikuwa kimepungua, na sauti ilikuwa bado inakatika, lakini sasa mlio ulikuwa mrefu kuliko mkoromo. Na ulikuwa palepale. Haukuhama hata upana wa kidole. Zege lilikuwa limefika kwenye kisiki. Alisikia karai likimwagwa nyuma yake na mtu akilisawazisha kwa ubao, kwaa, kwaa. Tone la maji ya saruji lilimrukia shingoni. Alichimba kwa mikono.

Kucha zikagonga kitu kilichojibu kwa sauti ya bati.

Ulikuwa mkebe wa maziwa ya unga, wa zamani, umeliwa na kutu mpaka ukawa kama gamba la mkate. Haukutoka. Aliuvuta, ukagoma. Alipousafisha pembeni aliona kwa nini: mzizi wa mparachichi, mnene kama dole gumba, ulikuwa umeingia kwa juu penye kifuniko, ukapita katikati ya mkebe, ukatokea chini na kuendelea na safari zake. Mkebe ulikuwa umevaliwa na mzizi kama pete. Ubavuni kutu ilikuwa imetoboka, na kupitia tundu lile Bibiane aliona miduara myeusi iliyolaliana. Alichomoa mmoja. Akaufuta kwa kidole chenye mate. Akatokea tembo.

Vibarua waliacha kazi. Karai moja lilibaki hewani kati ya mikono miwili na mingine miwili.

Adalbert aliinuka. Alikanyaga matope kwa viatu vyake vyeupe bila kuyaona, akaichukua franga kutoka kwenye kiganja cha Bibiane, akaisugua kwenye suruali, akaitazama kwa muda mrefu. Uso wake ukawa wa mtoto kwa kitambo kidogo. "Ni zenyewe," alisema taratibu. "Ni za papa."

"Ni zenyewe," alisema Bibiane. Alisimama. "Sasa sema, tonton. Watu bako hapa. Sema."

Adalbert aliwatazama watu. Akaitazama franga. Bibiane aliona kitu kikipita machoni mwake na akadhani ni aibu. Akangoja, kwa sababu aibu huhitaji nafasi kidogo kabla ya kusema. Haikuwa aibu. Alikuwa anapiga hesabu.

"Gérard," alisema. "Wakati ule, ulipita hapa kwa jiko?"

"Nilipita, patron."

"Mashine yako iliona mukebe?"

Gérard alitazama ile sahani yenye utepe mweusi. "Hapana, patron."

"Basi." Adalbert aliwageukia watu, na sauti yake ilipanda kama ya mwenye kusoma tangazo kanisani. "Munasikia? Wakati ule mukebe haikuwa hapa. Leo mutoto wa Monique anakuja na begi yake, anainama na kutuonyesha mugongo, na tazama, mukebe iko. Mimi si mujinga. Monique amezeeka, roho inamuchoma, anatuma mutoto arudishe." Akamwekea Bibiane mkono begani, kwa upole. "Ni vizuri. Mwambie tumezipata. Mwambie tunamusamehe."

Bibiane aliuondoa mkono ule. "Na muzizi huu? Niliupanda saa ngapi, tonton? Saa ya chai?" Alishika mkebe akautikisa, na kisiki chote pale pembeni kikajibu kwa mtetemo mdogo. "Tazameni! Muti umepita ndani! Tazameni wenyewe!"

Waliutazama. Hakuna aliyekosa kuuona. Kibarua mmoja alimtazama Adalbert, kisha akatazama jua kujua saa ya malipo imebaki kiasi gani. Maman Eulalie alishusha beseni kichwani.

"Adalbert," alisema, "ule muti niliukuta hapa nikiolewa. Muzizi hauwezi…"

"Maman Eulalie. Njia yenye unapitishaka sambaza yako kila siku, iko kwa parcelle, kwa kiwanja ya nani?"

Maman Eulalie aliinama, akaliinua beseni, akalipandisha kichwani bila kusaidiwa na mtu, akaenda zake. Hakugeuka.

"Gérard, leta panga."

Gérard alileta panga. Aliukata mzizi juu ya mkebe, akaukata chini, mapigo safi ya mtu aliyezoea. Kipande kilichobaki ndani akakichomoa kwa kukipindapinda, franga zikamwagika kwenye karai alilokuwa amelishika Adalbert. Kile kipande cha mzizi Adalbert alikitupa ndani ya shimo pamoja na mkebe. Akafanya ishara kwa kidole. Karai la zege likamwagwa juu yake, na jingine. Ubao ukapita, kwaa, kwaa, na penye shimo pakawa sawa na pengine pote.

Gérard alimsindikiza Bibiane mpaka barabarani, amembebea mashine. Hakuombwa. Walipofika penye mfereji alisimama.

"Ilikatika," alisema, akitazama mfereji. "Siku ile. Palepale. Ililia mara moja, nikarudisha sahani, ikakoroma. Nilifundishwa hivyo: ikikatika, pita. Nikapita."

"Rudi useme."

"Bibiane…"

"Rudi, Papa Gérard! Ni hatua chache. Rudi useme maneno haya haya, mbele yao."

"Yeye ndiye ananilishaka."

"Na mama yangu? Nani alikuwa anamulisha?"

Gérard alimkabidhi mashine kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mtoto. "Uangalie hii sahani. Utepe unaachia," akasema, na akarudi kazini.

Alipofika Kadutu mawingu yalikuwa yameshuka juu ya ziwa. Monique alikuwa amerudi kutoka sokoni, ameketi mlangoni palepale, ungo mapajani. Alimtazama binti yake kutoka kwenye kucha zilizovunjika mpaka saruji iliyokaukia shingoni.

"Wamesema nini?"

Bibiane alikuwa amejipangia njia nzima namna ya kusema. Hakukumbuka hata neno. "Wamesema wanakusamehe."

Monique alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, na kilipokwisha alirudi kwenye maharage. "Kwa jiko ya zamani," alisema. "Chini ya misumari."

Hakuuliza. Alikuwa anasema. Bibiane aliiteremsha mashine ikagonga ukuta.

"Ulijua."

"Nilimwaga majivu juu yake kila siku. Muzee mwenyewe alinituma. Wengine walikuwa misani, yeye hawezi kusimama, alichimba ameketi. Alisema, choma masanduku hapa, misumari ibaki. Alisema, nikikufa ungoja wamalize kulia, kisha umwambie Constantin, peke yake." Alitupa jiwe. "Hawakumaliza kulia. Walichukua majembe."

"Ungesema!"

"Ningesema nini? Nikionyesha, watasema nilijua kwa sababu nilianza kuchota. Leo wamesema nini kwako?" Bibiane alikwangua saruji shingoni. "Lakini hata hivyo ningemwonyesha baba yako. Adalbert aliponiita mwizi mbele ya watu, nilimutazama Constantin. Kama angeinua macho tu. Akatazama viatu. Nikasema ndani yangu, basi, chimbeni. Chimbeni mpaka mufe."

"Na mimi, mama? Waliniita tembo mpaka nimemaliza shule. Ulikuwa unachunga hasira yako, sawa. Mimi nilikuwa nakula nini? Neno moja tu ungeniambia. Mimi!"

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa mutoto!"

"Ulikuwa mutoto. Kisha ukakua." Monique aliinua uso, na Bibiane akaona kwamba hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ukanunua mashine. Kila siku unapita hapa mbele yangu na visikizi kwa masikio. Nilikuwa nangoja uvitoe, unikalie hapa, uniulize, mama, uliiba? Ningekujibu. Hukuniuliza hata siku moja. Uliuliza udongo."

Bibiane alitaka kusema kwamba hajawahi kuamini kuwa mama yake aliiba. Alifungua kinywa kulisema, na mvua ikaanza, matone makubwa ya kwanza juu ya mabati, moja moja, kisha yote pamoja. Bila kukusudia aliinua macho. Alipoyashusha alikuta mama yake naye akitazama palepale, kwenye mabati.

"Haya ni ya likelemba," alisema Monique. "Ya muchango wa zamu wa wauza maharage. Zamu yangu ilifika, nikanunua mabati."

Bibiane aliketi chini, upande wa pili wa ungo, mavazi yake yakidondosha matope. Alinyoosha mkono kwenye maharage, atafute jiwe, apate kitu cha kufanya na vidole vyake. Monique aliuvuta ungo upande wake, akaendelea kuchagua.